Wageni wawili kutoka Ngazija

Siyu, katika kisiwa cha Pate, haiingiliki kwa siri. Kutoka Amu, yaani Lamu, unapanda boti, mnapenya katikati ya mikoko, na maji yakiwa yametoka mnakwama kwenye tope mkingojea yajae, huku nahodha akivuta sigara kana kwamba hana safari. Ukifika, watoto wameshakuona kabla hujavaa viatu. Wazee wa barazani watakuuliza jina, kisha jina la baba, kisha umefikia kwa nani. Adhuhuri haifiki mji mzima haujapata majibu.

Mwaka 2002 alikuwako Siyu mtu aliyeyajibu maswali hayo yote vizuri. Alijiita Abdul Karim. Aliswali na watu, akala na watu, akaposa, akaozwa. Jina lake la kweli lilikuwa Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Moroni, huko Ngazija katika visiwa vya Komoro, na Marekani ilikuwa imetangaza mamilioni ya dola kwa atakayemfichua, kwa sababu ya mabomu ya balozi zake Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998 yaliyoua watu 224. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Kikambala, karibu na Mombasa, ikalipuliwa, wakafa Wakenya 10 na Waisraeli 3. Bwana harusi akatoweka. Siyu ikabaki na askari mlangoni na aibu ya kumkaribisha mtu aliyekuja na uongo. Aliuawa Juni 2011 Mogadishu, kwenye kizuizi cha barabarani, baada ya kukosea njia.

Mwingine alikuja zamani zaidi, karne ya kumi na tisa ikielekea ukingoni. Naye alitoka Ngazija, naye alikuwa kijana, naye alifikia kwa jamaa. Huyu ni Sayyid Swaleh bin Alawi Jamalulail, ambaye sisi humwita Habib Swaleh, na hakuna Mwamu asiyelijua jina hilo. Alikaa upande wa Langoni, akawa anatibu wagonjwa na kusomesha. Tatizo ni aliowasomesha. Aliwaketisha chini yake watumwa, na watoto wa watumwa, na Washihiri, Waarabu wachuuzi kutoka Hadhramauti, ambao waungwana wa Mkomani wasingewapa hata mkeka. Akaingiza matari msikitini. Wakubwa wa mji walikasirika, wakasema huyu mgeni anatuharibia dini na anawapandisha vichwa watu wasio na asili. Leo Msikiti wa Riyadha ndio unaoleta maelfu ya watu kisiwani kila Mfungo Sita kwa Maulidi, na wajukuu wa wale waliokasirika ndio wanaosimama mstari wa mbele wakipiga goma.

Nimekaa na hadithi hizi mbili kwa muda, kwa sababu zinanivurugia hesabu. Kila nikisikiliza mjadala wa wahamiaji na ugaidi, iwe redioni, iwe kwenye baraza ya Mkunguni, wazo ni lilelile: mgeni akijifunza lugha, akashika mila, akaoa, akachanganyika, basi amekuwa mwenzetu na hatari imekwisha. Asiyechanganyika ndiye wa kuogopwa. Sasa chukua kipimo hicho ukawapime Wangazija hawa wawili. Fazul anapata mia kwa mia. Habib Swaleh anaanguka: alikataa kukaa pale wenye mji walipotaka akae, akachagua watu wasiofaa, akaleta ngoma mpya. Kipimo kinampitisha muuaji na kumwangusha walii.

Kwa hiyo nadhani kipimo ndicho kibovu.

Huko Ulaya nako mjadala huu hauishi. Likilia bomu, kabla moshi haujatawanyika kuna mwanasiasa ameshashika kipaza sauti kuzungumzia mipaka. Lakini waliojilipua London tarehe 7 Julai 2005 na kuua watu 52 walikuwa wanne, watatu wamezaliwa Uingereza, wa nne ameletwa kutoka Jamaica akiwa mtoto. Walioshambulia Paris tarehe 13 Novemba 2015 na kuua watu 130, wengi walikuwa na uraia wa Ufaransa au Ubelgiji. Sisemi hakuna aliyepenya. Wawili kati yao walipitia Ugiriki pamoja na wakimbizi, na pasipoti za Syria za bandia. Ila ukiwatazama wote pamoja, unakuta zaidi watoto wa nyumbani waliokulia mitaa ileile wanayoishi polisi waliowasaka.

Na mzunguko huo umefika hadi kwenye msitu wetu. Juni 2015 Al-Shabaab walivamia kambi ya jeshi ya Baure, ndani ya Lamu, wakapigwa, na katika maiti zilizobaki ilikuwamo ya Mwingereza mweupe, Thomas Evans, aliyesilimu akiwa kijana kwao Buckinghamshire. Hebu fikiria. Vijana wa Kibajuni, wenyeji wa visiwa hivi vyetu, wanaulizwa kila siku kama wao ni Wasomali waliovuka mpaka, na aliyekufa na bunduki msituni ni kijana wa vijiji vya Kiingereza.

Lakini niache ya Ulaya, wenyewe watayazungumza. Mjadala wa wahamiaji tunao hapahapa, tena mkali, ila hatuuiti kwa jina hilo. Sisi husema tu "wageni." Na katika Lamu, neno hilo mara nyingi halimhusu mtu wa nchi nyingine. Linamhusu Mkenya.

Mpeketoni, upande wa bara wa Lamu, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi za Jomo Kenyatta, kama mpango wa kuwapa ardhi wasiokuwa nayo. Wengi walikuwa Wakikuyu, wakiwamo waliokuwa wamerudi kutoka Tanzania. Walikuta msitu na nyati, wakafyeka, wakapanda pamba na mahindi, wakafanya pakawa mji. Hata ziwa likapewa jina la Kenyatta. Wakati huohuo, Mwamu na Mbajuni ambaye babu yake alizikwa hapa kabla haijajulikana kama kuna Kenya hakuwa na hati hata ya kiwanja alichojengea. Alikaa akatazama karatasi zikigawiwa watu walioshuka kwenye lori juzi. Chuki hiyo ina sababu, na anayesema ni uchochezi mtupu hajui historia ya pwani. Serikali yenyewe ilikuja kukiri kwamba ardhi ya Lamu ilikuwa imechezewa: mwisho wa Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru zirejeshwe ekari zipatazo 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22.

Aliamuru baada ya damu. Usiku wa Jumapili tarehe 15 Juni 2014, watu wakitazama Kombe la Dunia kwenye vibanda vya video, watu wenye bunduki waliingia Mpeketoni. Siku mbili, zaidi ya watu 60 wakauawa, karibu wote wanaume. Al-Shabaab wakatoa taarifa, na ukiisoma unaona hawakutaja Somalia na masheikh waliouawa Mombasa peke yake. Walisema pia kwamba Mpeketoni ulikuwa mji wa Waislamu ukavamiwa na walowezi wa Kikristo. Yaani waliyachukua mazungumzo yetu ya barazani, ya dhulma ya ardhi, wakayavisha bendera. Rais naye akasema si Al-Shabaab, ni mitandao ya siasa ya hapahapa. Gavana akakamatwa, kesi ikaja kufutwa. Kila upande ukaongea kana kwamba habari nzima ni ya wenyeji na wageni.

Nitasema jambo ambalo jirani zangu hawatalipenda. Asubuhi ile, kwenye kahawa, sikumsikia mtu akifurahi. Lakini nilisikia mabega yakipanda na kushuka. "Na wao wamezidi," mtu akasema, akaendelea kukoroga kahawa yake. Hakuna aliyemjibu. Hata mimi sikumjibu. Kuna mama mmoja wa Mpeketoni ambaye kwa miaka alikuwa akileta maembe na machungwa, anayapanga kwenye gunia karibu na gati, na mke wangu hakununua kwa mtu mwingine. Alipotea wiki kadhaa, aliporudi alikuwa amefunga kitambaa cheupe. Nilimpa pole. Akanishukuru, kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei: "Mwalimu, mimi nimezaliwa huko, baba yangu amezikwa huko. Nikitoka niende wapi, mahali ambapo mimi si mgeni?" Nilinunua maembe mengi kuliko tuliyoweza kula.

Sasa geuza shilingi uone upande wa pili.

Mpwa wangu ni Mbajuni kwa mama yake, na alipofika miaka 18 tulikwenda kutafuta kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Mtoto wa bara anakwenda na cheti cha kuzaliwa na nakala ya kipande cha mzazi, anachovya vidole, anaondoka. Sisi tuliambiwa turudi siku ya wazee wa kamati ya uhakiki. Siku ya wazee ilikuwa Alhamisi, benchi refu chini ya mwarobaini, na watu walikuwa wamefika tangu alfajiri. Alipoingia, aliulizwa jina la bibi yake, mzaa mama. Akalitaja. Alizaliwa wapi? Rubu. Una karatasi yake ya kuzaliwa? Hapo kijana akanitazama.

Rubu ni miongoni mwa vijiji vya Wabajuni, upande wa kaskazini unaoelekea Kiunga, vilivyokimbiwa wakati wa vita vya shifta, wale waasi waliotaka kaskazini iende Somalia, miaka ya 1960. Shifta walichoma, jeshi nalo likafuata. Watu walipakia watoto na masufuria kwenye madau wakatawanyika Amu, Malindi, Mombasa. Bibi yule hakuwahi kuona karatasi ya kuzaliwa, na aliyemzalisha alikufa na ushahidi wake. Alikimbia kwa kuwa serikali ilishindwa kumlinda, na miaka 50 baadaye serikali hiyohiyo inamwadhibu mjukuu wake kwa sababu bibi alikimbia. Tulirudi mara nne. Mzee mmoja wa ile kamati, ambaye alikuwa akitufahamu ukoo mzima, alikuwa akiinamisha uso kila tukiingia. Ilichukua karibu miaka miwili.

Miaka miwili bila kipande si miaka miwili ya kungoja karatasi tu. Huna laini ya simu kwa jina lako, huna M-Pesa yako, huwezi kuandikishwa kazi bandarini, huwezi kupanda basi la Mombasa bila moyo kukudunda ukikaribia kila kizuizi. Wenzake waliomaliza shule pamoja naye walikuwa chuoni. Yeye alikuwa anakaa kwenye ngazi za gati anaosha boti za watu. Na pembeni yake, ndio nataka ufike hapa, kulikuwa na watu waliomwita ndugu bila kumuuliza bibi yake alizaliwa wapi.

Sisemi walikuwa wa Al-Shabaab. Wengine walikuwa wa mihadarati, ambao Amu tunao wa kutosha, na kwa kweli waliotuibia vijana wengi zaidi ni hao. Lakini namna ya kuingia ni ileile. Kundi lililoanza kutoa jarida kwa Kiswahili mwaka 2012, likitumia lugha ya mitaani, linajua linazungumza na nani. Haliambii kijana njoo ufe. Linamwambia: hapa kwenu wanakuita mgeni, bara wanakuita Al-Shabaab, Somalia wanakuita Mkenya. Kwetu utaitwa kwa jina lako. Halafu linampa jina jipya.

Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo, UNDP, ulitoa mwaka 2017 utafiti uliowahoji watu karibu 500 waliojiunga kwa hiari na makundi haya barani Afrika, Kenya ikiwamo. Asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma hatua ya mwisho. Na asilimia 57 walikiri kwamba maandiko ya dini wanayajua kidogo au hawayajui kabisa. Wenye miaka sita au zaidi ya masomo ya dini walikuwa wagumu zaidi kuvutwa. Maalim wangu wa chuoni, Mungu amrehemu, asingeshangaa. Yeye alikuwa akisema mtoto anayemaliza juzuu na akajua maana yake huwa mbishi, na mbishi hatumiki kirahisi.

Ndiyo maana sitaki kuambiwa habari yote ni dini, wala sitaki kuambiwa yote ni umaskini. Mmoja wa walioua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 alikuwa mtoto wa chifu wa Mandera, amesoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliyeongoza shambulio la hoteli ya Dusit, Nairobi, Januari 2019, watu 21 wakafa, baba yake alikuwa mwanajeshi wa Kenya. Elgiva Bwire, aliyefungwa maisha Oktoba 2011 kwa maguruneti ya Nairobi, hakuzaliwa Mwislamu wala hakutoka pwani, ametoka magharibi ya nchi. Mwenye kusimama kizuizini akitafuta sura ya Kibajuni au ya Kisomali asingewakamata hao wawili wa mwisho. Wazee walikwisha kusema, mvunja nchi ni mwananchi.

Kuna atakayenijibu, na ana haki: Mwalimu, unaongea hivyo kwa sababu unalala kisiwani. Nenda Juhudi, Salama, Widho, uwaambie waliochinjiwa ndugu zao kwamba mpaka si tatizo. Mpaka ni tatizo. Kutoka Kiunga hadi Ras Kamboni ya Somalia ni karibu, na msitu wa Boni hauna mlango. Septemba 2011 Mwingereza Judith Tebbutt alichukuliwa Kiwayu na mumewe akauawa. Mwezi uliofuata Mfaransa Marie Dedieu akachukuliwa Manda na hakurudi hai. Oktoba hiyohiyo jeshi letu likaingia Somalia. Januari 2020 waliingia hadi uwanja wa ndege wa Manda Bay na kuua Wamarekani watatu. Watu hao wapo, wana bunduki, na hawazuiwi kwa mashairi. Askari wanaolala msituni wakiliwa na mbu kwa ajili yetu nawaheshimu kwa dhati.

Lakini tazama nani amelipia ulinzi huo. Julai 2014, Ramadhani ikiwa katika kumi lake la mwisho, ilitangazwa kafyu. Usiku ambao watu hulala misikitini, misikiti ilifungwa baada ya magharibi. Uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka. Asiyejua bahari ataona si kitu, basi mvue mchana. Wavu wa jarife hutegwa jioni na kuvuliwa alfajiri, na samaki hawafuati saa za ofisi. Mvuvi wa Kizingitini aliyezuiwa kwenda baharini usiku alikuwa amefutwa kazi bila barua. Mahakama Kuu ya Malindi ilipotoa hukumu mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari mpya ya Lamu, watu walishangilia kana kwamba pesa ziko mfukoni. Hiyo nayo ni hadithi ndefu, nikiianza sitamaliza.

Waboni ndio walioumia kimyakimya zaidi. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, wakabaki na asali na vijishamba. Ilipoanza operesheni ya Linda Boni Septemba 2015, msitu waliouishi ukawa uwanja wa vita. Shule tano, za Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe, zilikaa miaka bila kufundisha. Mtoto aliyekuwa darasa la pili mwaka 2014 alibalehe hajui kuandika jina lake. Ukitaka kujua atakayekuwa na miaka 18 bila shule, bila msitu na bila kipande atamsikiliza nani, huhitaji utafiti wa Umoja wa Mataifa.

Halafu kuna wanaorudi. Baada ya Garissa, Aprili 2015, Waziri Joseph Nkaissery alitoa siku 10 kwa vijana waliokwenda Somalia wajisalimishe wasamehewe. Siku 10! Mtu yuko Jilib, hana simu, akijulikana anataka kutoroka anakatwa kichwa, nawe unampa siku 10. Hata hivyo wapo waliorudi, kabla na baada. Shida ni kwamba msamaha ulitangazwa mdomoni na hofu ikabaki mtaani. Aliyejisalimisha polisi anaogopa wenzake wa zamani, na aliyejificha anaogopa gari lisilo na namba.

Langoni kuna mama ambaye kijana wake wa pili "amekwenda kuvua." Ndivyo tunavyosema. Ana miaka kadhaa anavua. Kikoi chake kimekunjwa juu ya kabati, kila Ijumaa mama anakitoa, anakikung'uta vumbi, anakirudisha. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakutoa taarifa siku ile ya kwanza, labda wangemuwahi kabla ya Kiunga. Alinitazama kama aliyemsikia mtoto akisema upuuzi. "Nina mwana mwingine," akasema. Hakuongeza neno. Alichomaanisha ni kwamba ukienda kusema mmoja amepotea, wanakuja kumchukua aliyebaki. Huyo ndiye shahidi bora kuliko wote ambaye serikali ingeweza kumpata, mama anayejua nani alikuja nyumbani, alikaa kiti gani, alileta tende za wapi. Na amefunga mdomo.

Hapo ndipo nasema hesabu ya usalama inakosewa. Fazul alipokuwa Siyu, kilichomlinda si msitu. Ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kwenda kumwambia askari chochote, kwa kuwa askari hakuwa mtu wao. Waliokuwa karibu naye walipokamatwa na kushtakiwa kwa Kikambala, kesi ilikwenda hadi 2005 na wakaachiliwa. Miongoni mwao alikuwa Aboud Rogo, mwana wa Siyu, ambaye baadaye mahubiri yake yalipeleka vijana Somalia, na ambaye Agosti 2012 alipigwa risasi ndani ya gari lake Mombasa, mbele ya familia yake. Nilikuwa sikubaliani na maneno yake hata kidogo. Lakini siku alipouawa bila hukumu ya mahakama, vijana ambao hawajawahi kumsikiliza walianza kutafuta kanda zake.

Mimi si mtaalamu wa mikakati. Serikali ina mkakati wa kitaifa wa kupambana na itikadi kali tangu 2016, kaunti nayo ina mpango wake, na semina zake nimehudhuria, chai na mandazi na posho ya nauli. Ila naona kipande kingefanya zaidi kuliko semina kumi. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kukomesha uhakiki wa ziada kwa jamii za mpakani. Waliompinga walisema sasa magaidi watapata vitambulisho. Nawauliza: yule aliyesoma sheria, na yule mwana wa mwanajeshi, walikosa vitambulisho? Hati za ardhi nazo, wapewe wa Mpeketoni ambao bado hawana na wapewe wa Faza na Ndau, mwaka uleule, kwa meza ileile, ili pasiwe na wa kumtazama mwenzake akiondoka na karatasi. Na anayerudi kutoka Somalia apelekwe mbele ya hakimu, kweupe, ajibu alichofanya. Mama wa Langoni akishaona mmoja amepita mahakamani akarudi nyumbani hai, au hata amefungwa gereza linalojulikana na anapelekewa uji, huenda mdomo wake ukafunguka.

Na sisi Waamu tuna kazi yetu. Msafiri wa basi la Mandera, Novemba 2014, aliteremshwa akaulizwa yeye ni wa wapi na wa dini gani, na 28 walioshindwa jibu wakalazwa chini wakauawa. Desemba ya mwaka uliofuata, njia za hukohuko, basi jingine lilisimamishwa, na abiria Waislamu wakakataa kujitenga na wenzao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafa mwezi uliofuata. Nikikumbuka ile kahawa yangu ya Juni 2014 na mimi nilivyonyamaza, naona haya mbele ya mwalimu mwenzangu yule.

Mpwa wangu kipande alikipata. Tulikwenda naye Malindi kwa basi, harusi ya binamu, mara yake ya kwanza kusafiri bila kuomba dua kila kilomita. Kwenye kizuizi kimoja tuliteremshwa wote, tukapanga foleni, yeye akakitoa kwa mikono miwili kama anayetoa mahari. Askari alikichukua, akakitazama mbele, akakigeuza nyuma. Akamtazama kijana usoni, kofia yake, kanzu yake.

"Sawa," akasema. "Na babu yako alizaliwa wapi?"